HP EliteBook 840 G3 kisiwani Lamu: mashine chukua, Windows ya dukani itoe

Katika maduka ya kompyuta ya pwani, EliteBook 840 G3 ni kama nazi sokoni: haikosi. Ni laptopu ya mwaka 2016, skrini ya inchi 14, prosesa ya Intel ya kizazi cha sita, mara nyingi i5-6200U au i5-6300U. Ilifanya kazi ofisini ng'ambo miaka kadhaa, ikauzwa kwa jumla, ikafika Mombasa au Malindi, kisha ikavuka kutoka Mokowe kwa boti. Yenye RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256 kwa kawaida huuzwa chini ya shilingi 30,000 za Kenya. Kwa pesa hizo chombo ni kizuri. Kinachokiponza ni Windows iliyopachikwa dukani, na lawama humwendea HP au chumvi ya Lamu. Chumvi ina makosa yake, tutayafikia, lakini si yote.

Kwanza usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Izime, iwashe, gonga Esc mfululizo mpaka menyu itokee, halafu bonyeza F10 uingie BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine. Ikidai nywila, irudishe rafuni. Nywila ya BIOS kwenye EliteBook haifutiki kwa kung'oa betri ndogo ya saa kama kompyuta za zamani, na fundi anayekuambia "niachie mpaka kesho" anajipa moyo. Pili, fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike powercfg /batteryreport. Itaandika faili la HTML kwenye folda uliyomo na kukwambia lilipo. Ndani yake linganisha uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa ikijaa. Betri ya mashine hii ikiwa mpya ni takriban mWh 46,000. Ikisoma chini ya 28,000, ingiza bei ya betri mpya, aina ya CS03XL, kwenye hesabu yako. Namba mbili zikilingana mpaka tarakimu ya mwisho kwenye mashine ya 2016, shuku betri ya kuiga ambayo inasema inachoambiwa kusema. Gusa na sehemu ya kuchezea kidole: ikiwa imeinuka au haibonyei, betri chini yake imevimba, na hiyo si ya kutumia hata siku moja.

Mashine ina nafasi mbili za RAM ya DDR4, na mwisho wake ni GB 32. Ukikuta kipande kimoja cha GB 8, kuongeza cha pili chenye ukubwa huo huo kunasaidia mara mbili: unapata nafasi zaidi, na michoro ya Intel inayotumia RAM hiyo hiyo inapata njia mbili badala ya moja. Skrini zipo za 1366×768 na za 1920×1080. Ya kwanza ukiitazama kwa pembeni rangi zinageuka. Ukiweza, lipa zaidi upate ya pili. Spika ni za kawaida, hazina la kusemwa.

Sasa Windows ya dukani. Wauzaji hawaisakinishi mashine moja moja. Wananakili diski moja kwenye zote. Ni mashua iliyopakwa rangi bila kukalafatiwa. Kwenye dirisha la amri andika slmgr /xpr. Jibu likisema leseni imewashwa (activated) kudumu, sawa. Likitoa tarehe ya mwisho, ujue imewashwa kwa KMS ya bandia, yaani kwa kuiga njia ya leseni za makampuni, ambayo hujihuisha ndani ya kila siku 180, na programu inayoihuisha kwa kawaida imewekewa msamaha ndani ya kinga ya virusi ili isifutwe. Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya mmoja hupitisha na wengine. Ajabu yenyewe ni kwamba nyingi za mashine hizi zina ufunguo halali wa Windows ndani ya chipu ya BIOS tangu kiwandani. Sakinisha upya toleo lile lile, kwa kawaida Pro, na itajiwasha yenyewe bila kuuliza kitu. Muuzaji alimpita mwenye nyumba akavunja dirisha.

Tahadhari moja hapo: wakati wa kusakinisha upya Windows ukiwa umeunganisha intaneti, huenda ikatokea skrini inayokukaribisha kwenye kampuni usiyoijua na kudai barua pepe ya kazini. Maana yake mwajiri wa zamani hakuiondoa mashine kwenye daftari lake. Muuzaji ndiye wa kulitatua hilo, na ni sababu halali ya kurudishiwa pesa. Linux, mfumo wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, haijali daftari hilo.

Windows 11 haimo. Microsoft inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama, na hii ni ya sita. Wapo wanaopitisha kwa flashi iliyotengenezwa na Rufus, programu ya kuandikia flashi, na inakubali, ila kila toleo jipya la mwaka utalisakinisha kwa mkono, na siku likikataa huna wa kumlalamikia. Windows 10 nayo iliacha kupewa masasisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna nyongeza ya mwaka mmoja wa masasisho ya usalama, mpaka 13 Oktoba 2026, inayopatikana kwa kuunganisha akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio huko, au kwa kulipa dola 30. Kwa anayelazimika kubaki, aichukue. Kwa asiyelazimika, Linux Mint 22 ndiyo inayofaa mashine hii: inapewa masasisho mpaka 2029, inataka RAM ya GB 4 ili itulie, na Wi-Fi ya Intel iliyomo inatambuliwa papo hapo bila kutafuta draiva. Hata simu ukiichomeka kwa waya kushiriki bando, inasomeka.

Kabla ya Mint, kuna tabia moja ya Windows inayowasumbua watu kuliko virusi. Ukibonyeza kuzima, Windows 8 na zilizofuata hazizimi kabisa. Kwa mpangilio unaoitwa "Fast startup", kiini cha mfumo kinalazwa kwenye diski, na ukiwasha kinaamshwa kama kilivyokuwa. Kwa hiyo draiva ya Wi-Fi iliyoganda jana inaamka ikiwa imeganda. Printa haionekani, modemu ya USB haisomeki, mteja anamwambia fundi, "Fundi, nimezima nikawasha mara tatu," na anasema kweli. Ushahidi uko kwenye Task Manager, ukurasa wa CPU: muda wa kuwa hai unasoma siku tisa ilhali mashine inazimwa kila usiku. Kuwasha upya (Restart) ndiko kunakosafisha, si kuzima. Linaloonekana kuwa dogo ndilo kubwa. Dawa ya kudumu ni kufungua dirisha la amri kama msimamizi na kuandika powercfg /h off. Unapoteza sekunde chache za kuwaka, na kwa SSD hutazihisi; unapata mashine inayozimika kweli, na faili la hiberfil.sys linaondoka na kukurudishia karibu GB 3 kwenye mashine ya RAM ya GB 8. Kasoro yake: baada ya hapo huwezi kuilaza mashine kwenye diski. Ukitaka kuzima kabisa mara moja tu bila kubadili mpangilio, shika Shift unapobonyeza kuzima.

Bando nalo lilindwe. Ndani ya mipangilio ya Wi-Fi, iambie Windows kwamba muunganisho huo unapimwa, "metered". Hapo inaacha kupakua mengi yenyewe. Kisha tafuta "Delivery Optimization" uizime, maana ikiwa imefunguliwa kwa kompyuta za intaneti, mashine yako inawagawia wengine masasisho kwa bando lako. Sadaka njema, ila si kwa bando la simu.

Kusakinisha Mint. Faili la toleo la Cinnamon ni karibu GB 3. Lipakue ulipo na mtandao wa kueleweka, na usilitumie bila kulihakiki, kwa sababu upakuaji uliokatika njiani ndio mzizi wa makosa mengi yanayoonekana baadaye kama ubovu wa diski. Kwenye Windows andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, ulinganishe na mfuatano uliotolewa kwenye tovuti ya Mint. Liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa Rufus. Washa mashine, Esc, kisha F9, chagua flashi kwenye upande wa UEFI, njia mpya ya kuwasha mashine.

Upande huo ni muhimu. Mashine nyingi za dukani zimewekwa Windows kwa njia ya zamani ya Legacy. Andika msinfo32 usome mstari wa hali ya BIOS. Ikiwa ni Legacy na wewe ukasakinisha Mint kwa UEFI, mifumo miwili haitaonana kwenye menyu ya kuwasha, na utadhani Windows imefutika. Haijafutika, haziongei lugha moja tu. Ukitaka zote mbili, anza na Windows safi kwa UEFI, ipunguze nafasi kwa kifaa chake yenyewe cha diski, acha GB 60 au zaidi kwa Mint. Na ile "Fast startup" iwe imezimwa kwanza, la sivyo Mint itaifungua diski ya Windows kwa kusoma tu na kukataa kuandika, maana inaikuta imelala, haijafa.

Ukimaliza, HP itakufanyia kisirani chake. Usakinishaji umeenda vyema, unawasha upya, na inaingia Windows moja kwa moja kana kwamba Mint haikuwapo. BIOS za HP zina mazoea ya kuitanguliza Windows. Rudi F10, nenda kwenye mpangilio wa kuwasha wa UEFI, utafute jina "ubuntu", ulipandishe juu. Usitafute "Mint", hutaliona. Mint imejengwa juu ya Ubuntu na inajiandikisha kwa jina la mzazi. Watu wamesakinisha mara mbili tatu kwa sababu ya neno hilo moja.

Kisha saa. Ukitoka Mint ukaingia Windows, saa itakuwa nyuma kwa saa tatu kamili: saa nane mchana itasomeka 11:00. Waswahili tumezoea kuhesabu tofauti ya sita. Hii ya tatu ndiyo inayotupoteza. Sababu ni kwamba Mint huiandika saa ya ubao kwa UTC, wakati wa kimataifa, na kuongeza saa tatu za Afrika Mashariki inapoonyesha, ilhali Windows inaichukua saa ya ubao kama ilivyo. Kwenye Mint fungua teminali, andika timedatectl set-local-rtc 1, basi. Lakini ukikuta mwaka wenyewe umerudi nyuma, mathalani 2016, na brauza inakataa kila tovuti ikidai si salama, hiyo si habari ya mifumo miwili. Betri ndogo ya saa imekufa, na vyeti vya tovuti vinaonekana kama havijaanza kutumika. Saa tatu kamili ni programu. Miaka ni betri.

Kwa matumizi ya kila siku Mint haina makeke. Ina Timeshift, ambayo hupiga picha ya mfumo ili ukiharibu urudi. Iwashe siku ya kwanza, weka picha mbili za kila wiki, na ujue haihifadhi nyaraka zako, inahifadhi mfumo tu. Kwenye duka la programu, kitu kikiwapo kwa namna mbili chagua kifurushi cha mfumo badala ya Flatpak, kwa sababu Flatpak ya kwanza huvuta misingi yake ya mamia ya MB, hata kama programu yenyewe ni ndogo.

Nyaraka ndipo wengi hukata tamaa mapema. Barua iliyoandikwa Word kwa fonti ya Calibri ikifunguliwa LibreOffice, iliyo badala ya Office kwenye Mint, inamwagika ukurasa wa pili, na watu husema LibreOffice mbovu. Fonti haimo. Sakinisha fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea; zina upana ule ule wa Calibri na Cambria, na mistari inarudi mahali pake. Weka na hunspell-sw, kamusi ya tahajia, Kiswahili kiache kupigwa mstari mwekundu kila neno.

Kwa Lamu, lililo kubwa zaidi ni maandishi ya Kiarabu, ya madrasa na ya tenzi zinazonakiliwa kutoka hati za zamani. Kwenye LibreOffice ingia mipangilio ya lugha, uwashe mpangilio wa maandishi changamano, vinginevyo kitufe cha kuandika kutoka kulia hakionekani kabisa. Fonti za kuchukua ni Amiri na Scheherazade, zote zimo kwenye hazina ya Mint. Zinaweka irabu mahali pake bila kugongana, na Kiswahili kwa harufi hizi bila irabu hakisomeki. Tatizo linaanza kwenye pe, che na ve. Kibodi ya kawaida ya Kiarabu haina پ wala چ wala ڤ, na hati nyingi za kale zilijitosheleza na ba kwa pe. Anayetaka kuzitofautisha huhamia kibodi ya Kiajemi, na hapo ndipo anapojitega. Ya na kafu za Kiajemi zinafanana na za Kiarabu machoni, lakini kwa kompyuta ni herufi nyingine: ي ni U+064A, ی ni U+06CC, ك ni U+0643, ک ni U+06A9. Maalim mmoja akiandika kwa kibodi hii na mwenzake kwa ile, ukitafuta neno kwenye utenzi wa beti mia tatu unapata nusu tu, wala hakuna kosa linaloonekana. Kaa kwenye kibodi moja ya Kiarabu. Herufi tatu zinazopungua ziite kwa namba: andika 067E, 0686 au 06A4 ukiwa kwenye kibodi ya kilatini, kisha bonyeza Alt+X. Njia hiyo inafanya kazi kwenye LibreOffice na kwenye Word pia. Na kwa kazi iliyokwisha kuchanganyika, tafuta-na-badilisha mara mbili, ya kisha kafu, kabla ya kuchapa.

Ile fomu ya Excel ya ritani za iTax, mfumo wa kodi wa Kenya mtandaoni, ndiyo sababu halali ya kubaki na sehemu ya Windows. Imejaa makro, programu ndogo za ndani ya faili, na inataka Excel yenyewe. Ikifunguka kimya na vitufe havifanyi kitu, funga, bonyeza faili kulia, ingia "Properties", weka alama ya "Unblock" chini kabisa. Office huzuia makro za faili zilizotoka intaneti. Ikikataa tarehe ulizoandika sawasawa, badilisha mpangilio wa tarehe wa Windows yenyewe uwe dd/mm/yyyy. Mashine zilizotoka Marekani huanza na mwezi.

Zilizopitia mikono ya Wataliano wa Malindi zina kibodi ya Kitaliano, yenye è na ò. Alama ya @ hapo ni AltGr pamoja na ò. Ukiiweka kibodi ya Kiingereza ndani ya programu huku vitufe ni vya Kitaliano, nywila yako itaandika kingine na hutaona, maana ni nukta tu. Weka nywila ya herufi na namba mpaka uamue kibodi.

Na chumvi. Kwa kisiwani fungua kifuniko cha chini angalau mara mbili kwa mwaka kwa bisibisi ya nyota, toa waya wa betri kabla ya kugusa chochote. Mapezi ya shaba ya kupoza yakionyesha ukijani, au feni ikivuma wakati mashine haifanyi kitu, chumvi na vumbi vimeshikana. Kosa la kawaida ni kusafisha kwa spiriti peke yake. Chumvi haiyeyuki vizuri kwenye spiriti. Inasambazwa na kubaki. Tumia brashi laini yenye maji yaliyotoneshwa (distilled) kwanza, kidogo, kisha spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi kuyafukuza maji, kisha iache saa kadhaa kivulini. Boti ya Mokowe ikikurushia maji, usiiwashe "kuona kama iko sawa". Izime, betri nje, fanya hivyo hivyo. Vitundu vya USB visivyotumika vizibwe.

Wi-Fi ya mashine haina kosa kwenye nyumba za mawe. Kuta za matumbawe ni nene, na mawimbi ya GHz 5 yanafia chumba cha pili. Kwenye ruta ziache GHz 2.4 na 5 ziwe na majina mawili, uunganishe ile ya 2.4, au pitisha waya kwenye kiwanda, yaani uwanja wa ndani ya nyumba. Mashine ina tundu la mtandao.

Printa mwisho. HP LaserJet nyingi Mint huzipokea kwa hplip, draiva za printa za HP, bila kelele. Canon LBP2900, ile nyeupe ndogo ya masaiba, hutumia CAPT, lugha ya Canon yenyewe, na kuiweka kwenye Linux ni kazi ya alasiri nzima ambayo sasisho moja laweza kuivunja. Hiyo iache upande wa Windows, chapa PDF kutoka Mint, uivushie huko.